Magego yaliyolala: shajara ya mradi wa kusoma eksirei za meno, Mwanza

Februari, mwanzoni

Kibali cha maadili kimetoka, kwa hiyo kuanzia leo naandika kazi badala ya barua. Kwenye pendekezo tuliahidi programu ya akili unde itakayosoma picha ya panorama ya meno, itaje ni jino lipi limekwama ndani ya taya, limelalia upande gani, na limeukaribia kiasi gani mfereji wa neva ya taya la chini, ile inayoupa mdomo wa chini na kidevu hisia. Daktari wa kinywa na meno tunayeshirikiana naye (humu nitamwita Daktari tu, mwenyewe hataki jina lake liandikwe) aliisoma sentensi hiyo akapiga mstari chini ya kipande cha mwisho.

"Jino lililokwama naliona mwenyewe, mdogo wangu. Hata mwanafunzi analiona. Wewe niambie habari za neva."

Naiweka kauli hiyo juu kabisa maana kazi za namna hii hukimbilia kilicho rahisi kupimwa, na kulipata gego lililolala kwenye picha ni rahisi kupimwa.

Shida yenyewe iko hivi. Panorama ni picha bapa: taya zima limekunjuliwa likalazwa kwenye karatasi moja. Ukiona mzizi wa gego la mwisho umepita juu ya mfereji wa neva, huwezi kujua kama mzizi uko upande wa shavu, upande wa ulimi, au umeukumbatia mfereji wenyewe. Kinachoonyesha hayo ni CT ya meno, ile wanayoiita CBCT, ambayo ilianza kuuzwa Ulaya mwishoni mwa miaka ya 1990 na huligawa taya katika vijisehemu vya chini ya nusu milimita. Lakini CBCT ni ghali, mionzi yake kwa kawaida huzidi ya panorama, na mgonjwa wa Ukerewe huanza kuhesabu gharama kwenye tiketi ya meli ya Nansio. Nikiuvua mradi mapambo ya pendekezo, linabaki swali moja: nani asafiri kwenda kupigwa CBCT, na nani ang'olewe jino lake hapo hapo alipo?

Februari, katikati

Kusafisha majina. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, na hata isingekuwepo, hii ni kazi ya kufanywa. Faili za DICOM, muundo ambao mashine za hospitali huhifadhia picha, hubeba jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya mgonjwa na hata muda wa kupigwa picha, vyote vikiwa ndani ya kichwa cha faili. Hivyo huondoka kwa programu fupi. Kinachosumbua ni majina yaliyochapwa juu ya picha yenyewe, kwenye kona, na mashine moja. Hayo tunayafuta kwa kuipaka kona rangi nyeusi, kisha mtu anapitia picha moja moja kwa macho.

Umri tumeubakiza kwa miaka, bila tarehe. Nilitaka kuuondoa nao, Daktari akakataa kata kata. Gego la mwisho la mtoto wa miaka kumi na sita na la mtu wa miaka thelathini ni mambo mawili tofauti, akasema. Bado sijamwelewa vizuri.

Picha za kutoka ng'ambo ya ghuba ni habari nyingine. Mgonjwa anapigwa panorama mjini, anarudi kwao na filamu, miezi inapita, jino linavimba, daktari wa kule anaibandika filamu dirishani, anaipiga kwa simu na kuirusha kwa WhatsApp akiomba ushauri. Ndani ya picha unaona taya, nondo za dirisha, na mara nyingine kidole gumba. Nimezitenga kwenye folda yake. Mwenzangu anayeshughulikia seva alishauri tuzitupe kwa kuwa zinachafua data. Nimezitunza, maana hizo ndizo picha za watu ambao mradi unadai kuwasaidia.

Machi

Kuweka alama. Tunatumia namba za FDI, mpango wa kimataifa wa kulipa kila jino namba yake, ambazo madaktari hapa wanazisoma bila kufikiri: magego ya mwisho ni 18, 28, 38 na 48, chonge za juu ni 13 na 23, za chini 33 na 43. Kwa mlalo tunafuata mpango wa Winter wa 1926, unaopima pembe kati ya mhimili wa gego la mwisho na wa gego jirani. Pembe ya hadi nyuzi 10 upande wowote tunaihesabu kuwa wima. 11 hadi 79 kuelekea mbele ni jino lililoinamia jirani yake. 80 hadi 100 limelala kabisa. Na linaloegemea nyuma lina kundi lake. Kina na nafasi iliyopo mbele ya mfupa tunaviandika kwa mpango wa Pell na Gregory wa 1933.

Kila picha inapitiwa na madaktari wawili, kila mmoja peke yake. Kwenye mlalo wanakubaliana karibu kila mara, na wakitofautiana pembe huwa mpakani. Kwenye kina wanasumbuana kidogo. Kwenye dalili za neva ni vita. Leo wamekaa mbele ya picha moja kwa muda ambao chai ilipoa, mmoja anasema mstari mweupe wa juu wa mfereji umekatika, mwingine anasema haujakatika, umefifia kwa kuwa mgonjwa alitikisika.

"Kaka, huu ni ukungu wa picha."

"Ukungu gani unaochagua kukaa chini ya mzizi tu?"

Nimeandika majibu yote mawili. Sitaki kuyachanganya yawe jibu moja la wastani. Wakitofautiana madaktari wawili wenye uzoefu, modeli (ile sehemu ya programu inayojifunza kwa mifano) ikijifunza kusema "hapa ni ndiyo" kwa sauti kubwa itakuwa inatudanganya.

Machi, mwishoni

Umeme ulikatika usiku mafunzo yakiendelea. Tunahifadhi modeli kila mzunguko, hakuna kilichopotea zaidi ya usingizi.

Kwa kuchora mipaka ya meno tunatumia modeli ya aina ya U-Net, iliyotoka Freiburg mwaka 2015 kwa ajili ya picha za tiba na ambayo haihitaji data nyingi kupindukia. Hatukuanza na modeli tupu. Kuna mkusanyiko wa panorama wa shindano la DENTEX la mwaka 2023, na jino lililokwama ni mojawapo ya hali nne zilizowekewa alama humo, pamoja na meno yaliyotoboka, yaliyotoboka sana, na uvimbe kwenye ncha ya mzizi. Modeli ikasoma hizo kwanza, kisha za Mwanza.

Jambo moja la kiufundi limekula muda, nalo linastahili. Panorama za mashine yetu moja zina upana wa karibu pikseli 2,800. Kadi ya kompyuta yetu haibebi ukubwa huo, na desturi ni kuipunguza picha hadi pikseli 640 hivi. Gego lenyewe halipotei, ni kubwa. Lakini mfereji wa neva una kipenyo cha milimita mbili hadi tatu tu, na ukuta wake mweupe, ule waliokuwa wakigombania madaktari, ni uzi mwembamba. Ukiipunguza picha zaidi ya mara nne, uzi ule unayeyuka kabla modeli haijauona. Programu ingepata alama za juu kwenye kutafuta meno, na kwenye neva ingekuwa inabahatisha.

Kwa hiyo hatua ni mbili. Kwanza picha ndogo, kutafuta jino lilipo. Kisha tunarudi kwenye picha kamili, tunakata kipande kinachozunguka jino hilo, na kipande hicho kinasomwa kwa ukubwa wake wa asili. Ni polepole zaidi, na hakuna mgonjwa anayeng'olewa jino kwa sekunde tatu.

Aprili, mvua

Meno modeli inayaona. Daktari alitazama matokeo ya kwanza akasema "sawa" kwa sauti ya mtu anayesubiri chakula chenyewe.

Kugeuza picha kushoto-kulia ili kuongeza mifano ni hila ya kawaida katika kazi hii. Hapa lazima namba nazo zigeuke: 48 iwe 38, 13 iwe 23, la sivyo unaifundisha modeli kuwa kushoto na kulia ni kitu kimoja, na siku ya upasuaji hayo hayachekeshi. Herufi ya R iliyo pembeni ya picha nayo tunaifuta kabla ya kugeuza.

Dada wa chumba cha mionzi ametusaidia kuliko makala nyingi nilizosoma. Modeli ilikuwa inataja jino la ziada juu ya taya la juu, upande wa kulia, kwa wanawake kadhaa. Akaangalia, akacheka. "Hiyo hereni, mwanangu. Ya kushoto." Kwenye panorama, chuma kilichoachwa sikioni hutupa kivuli upande wa pili, kikiwa juu zaidi na chenye ukungu. Anawaambia wavue hereni, mkufu na pini za ushungi, na bado kuna wasiosikia. Tumeviwekea vivuli hivyo alama yake, modeli ivijue kwa jina.

Sasa pembe. Mipaka ya jino ikishachorwa, njia rahisi ya kupata mhimili wake ni hesabu: unatafuta upande ambao pikseli za jino zimetawanyika zaidi, huo ndio urefu wa jino. Kwa watu wazima inafanya kazi vizuri. Kwa vijana wa sekondari ilitoa majibu ya ajabu. Magego yaliyosimama wima kabisa iliyaita yaliyolala. Ndipo neno la Daktari kuhusu umri lilipopata mwili: kwa kijana wa miaka kumi na tano au kumi na sita, gego la mwisho mara nyingi ni kichwa tu, mizizi bado haijaota. Kichwa hicho ni kipana kuliko kimo chake. Hesabu inatafuta upande mrefu, inaupata ulio mlalo, na haina kosa lolote kihesabu.

Tumeiacha njia hiyo. Sasa modeli inaweka nukta tatu: mbili kwenye pembe za uso wa kutafunia na moja katikati ya upande wa mizizi, hata kama mizizi yenyewe haijafika. Mhimili unatoka kwenye nukta hizo. Ni kazi zaidi kwa waweka alama, nao wamelalamika, kwa haki.

Mei

Naandika kirefu leo.

Tulipotoka kwenye magego tukaingia kwenye chonge. Chonge ya juu ndiyo inayofuata gego la mwisho kwa kukwama. Kwa kawaida hutoka kati ya miaka kumi na moja na kumi na tatu, ikisafiri njia ndefu kutoka juu karibu na pua, na katika njia ndefu ndimo inamopotea. Hapo panorama ina msaada mdogo: chonge iliyojificha upande wa kaakaa iko karibu zaidi na chanzo cha mionzi, kwa hiyo huonekana nene kuliko mwenzake. Modeli imejifunza hilo bila kuambiwa, nami nilifurahi kwa siku moja hivi.

Kisha chonge za chini zikaanza kutoa majibu yasiyoeleweka. Picha za watoto na vijana kadhaa, wengi kutoka vijijini, modeli inasema 43 imekwama, na mahali inapoonyesha hapana jino. Au inalitaja jino la 44 kuwa ni 43, na kuanzia hapo namba zote za nyuma zinasogea kiti kimoja. Kwenye picha za DENTEX hakuna kitu cha namna hiyo. Nikadhani ni mashine. Nikamwonyesha muuguzi mmoja, mama aliyefanya kazi miaka mingi Sengerema kabla ya kuja mjini, na hakuhitaji hata kusogea karibu na kioo.

"Huyo aling'olewa meno ya plastiki."

Wasomaji wa pande hizi wanajua. Mtoto mchanga anaharisha, ana homa, anakataa ziwa. Fizi zimevimba pale chonge inapojiandaa kutoka, na kuna mtu jirani anayesema hayo ni meno ya plastiki, yatamuua mtoto yasipotolewa. Fizi inachanjwa, chipukizi cha chonge ya utotoni kinachokonolewa kwa chochote kilichopo. Waganda, ng'ambo ya ziwa, wana ebinyo yao, ni jambo lile lile. Mtoto anaweza kufa kwa kutokwa damu au kwa maambukizi. Akipona, chipukizi cha chonge ya ukubwani kilikuwa chini ya kile kilichochokonolewa, na chenyewe kimeguswa. Miaka kumi baadaye jino la kudumu halipo, au lipo limepinda, lina kasoro kwenye gamba lake, au limekwama.

Kwa hiyo modeli ilikuwa inatazama pengo ambalo mkono wa mtu uliliacha, na haikuwa na neno la kulieleza. Katika alama zetu kulikuwa na "limetoka", "limekwama", "limeng'olewa". Tumeongeza "halipo tangu utotoni" na "limeharibika chipukizi", na Daktari amepitia upya chonge zote, za juu na za chini, huku mama muuguzi akikaa kando yake. Nilipendekeza jina la mama huyo liingie kati ya waandishi wa ripoti. Akauliza kama kuna posho. Nimeandika ombi la posho.

Fomu ya kliniki nayo haina mahali pa kuuliza jambo hili. Tumeongeza swali moja, na tumekubaliana namna ya kuliuliza: bila lawama, tena likiulizwa baada ya maswali ya kuharisha na homa za utotoni. Mama anayejua atahukumiwa hatasema kweli, na hapo data yetu inakufa.

Juni

Neva, hatimaye.

Mwaka 1990 Rood na Shehab walitaja dalili saba za kwenye eksirei zinazohusishwa na mzizi kuigusa neva. Tatu kati yake ndizo madaktari wetu wanaziheshimu zaidi: mzizi kuwa na giza pale unapokutana na mfereji, mstari mweupe wa mfereji kukatika, na mfereji wenyewe kupinda njia. Modeli inasoma kipande kilichokatwa na kutoa jibu kwa kila dalili kati ya hizo tatu. Sikutaka itoe neno moja tu, "hatari". Daktari akiambiwa "mstari umekatika hapa" anaweza kutazama hapo na kukataa. Akiambiwa "hatari asilimia sabini na tatu" atafanya nini, abishane na asilimia?

Kuna mtego ambao bado haujatatuliwa. Ukweli wa kupimia tunaupata kwa wagonjwa waliopigwa panorama na CBCT zote mbili. Lakini waliopelekwa CBCT ni wale ambao daktari alishawashuku. Wale wenye picha safi hawakupelekwa, kwa hiyo hatujui ni wangapi kati yao neva ilikuwa imeguswa kimya kimya. Modeli inafunzwa juu ya mashaka ya daktari kisha inasifiwa kwa kukubaliana nayo. Kwa waliong'olewa bila CBCT tumeanza kufuatilia kitu kimoja rahisi: simu baada ya wiki moja na baada ya miezi, kuuliza kama mdomo wa chini au kidevu kina ganzi. Ganzi ya kudumu ni nadra, katika takwimu zinazotajwa sana haifiki mgonjwa mmoja kati ya mia. Kwa data ndogo kama yetu, kitu adimu namna hiyo hakitatuambia mengi karibuni. Tunapiga simu hata hivyo.

Mjadala wa kizingiti, yaani shaka ifike wapi ndipo mtu apelekwe CBCT, ulikuwa mkali. Ukikishusha, modeli inapeleka watu wengi CBCT: nauli, kulala mjini, siku za uvuvi au za shamba zinazopotea, na mionzi isiyohitajika. Ukikipandisha, kuna atakayerudi nyumbani akijing'ata mdomo bila kujua. Mwenzangu wa seva alitaka tuchague pale ambapo makosa ya aina mbili yanalingana. Daktari akamuuliza kama ameshawahi kukaa na mvuvi ambaye chai inamchuruzika kidevuni na hahisi. Kisha, kwa haki, akamgeukia dada wa mionzi aliyekuwa akitaka kila mtu apigwe CBCT, akamuuliza nani atamlipia bibi wa kisiwa cha Irugwa.

Tulichofikia: majibu matatu. "Mbali", "karibu, apigwe CBCT", na "sina uhakika, daktari atazame". La tatu ni pale dalili zinapopingana, au picha inapokuwa mbovu. Pia kwa walio kwenye "karibu" Daktari ameandika kando kuwa kung'oa lote si njia pekee. Kuna kukata kichwa cha jino na kuiacha mizizi mahali pake, neva isiguswe. Hilo programu haitashauri. Atashauri yeye.

Julai

Majaribio ya kimya: modeli inasoma picha mpya, majibu yanafungiwa, Daktari anaamua bila kuyaona, tunalinganisha Ijumaa.

Picha za WhatsApp karibu zote zinaangukia "sina uhakika", na mimi naona hiyo ni tabia njema. Picha ikishabanwa na simu mbili, uzi mweupe wa mfereji haupo tena; modeli iliyotoa jibu la uhakika juu ya picha hiyo ningeifuta. Kinachowezekana ni kuzuia tatizo lilikoanzia: mgonjwa anapopigwa panorama mjini, faili yenyewe ibaki na ipatikane kwa namba, daktari wa Sengerema au Ukerewe aombe faili badala ya kubandika filamu dirishani. Hiyo haihitaji akili unde hata kidogo. Inahitaji diski, utaratibu, na mtu wa kupokea simu, na imekuwa ngumu kuipata kuliko modeli.

Agosti

Yaliyobaki ni mengi. Panorama za mashine ya pili zinatoa mfereji kwa wepesi zaidi, na modeli inaamini mno picha zake. Tunatafuta kwa nini. Mpango wa kuhifadhi faili umekubaliwa kliniki moja, nyingine wanasema wataliangalia. Fomu zenye swali la chonge zimeshavuka daraja la Kigongo–Busisi kwenda Sengerema, na za kwanza zimerudi zimejazwa vizuri kuliko nilivyotegemea, isipokuwa mahali pa umri, ambapo wengi wameandika "mtu mzima".

Daktari ameomba orodha ya wote waliopata "sina uhakika" ichapwe kwenye karatasi, kwa kuwa kompyuta ya chumba cha upasuaji ni ya zamani na haifungui programu yetu. Nimeichapa kwa maandishi makubwa, na kila mgonjwa ana kipande cha picha yake pembeni, kwa ukubwa wa asili.